Fundi wa Chokaa na Mwajiriwa wa Jumamosi

Mji Mkongwe wa Unguja bado una mzee mmoja ambaye hataji bei ya kazi kabla hajaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Hugonga, hutega sikio, husogea kidogo, hugonga tena. Lipu iliyoshikana na jiwe hulia kwa uzito. Iliyoachana nalo hulia tupu. Palipolia tupu huchora duara kwa mkaa, na akimaliza chumba, mteja huyaona mwenyewe maradhi ya nyumba anayotaka kuinunua.

Wateja wake wa siku hizi wengi ni waajiriwa: walimu, wauguzi, makarani. Hununua nyumba kuukuu, pengine ghorofa moja tu, waitengeneze siku za mapumziko kisha waiuze kwa faida. Sioni aibu katika biashara hiyo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyingi ya nyumba hizi zilitaifishwa, matengenezo yakasahauliwa, na hata mji ulipoingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, mapaa yaliendelea kuvuja. Anayeziba paa kwa akiba ya mshahara wake anastahili shukrani. Kinachoniuma ni haraka.

Haraka imeleta saruji. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Hunyonya unyevu na kuutoa tena. Ukizifunika kwa saruji, unyevu hukosa njia, hupanda na chumvi yake hadi kwenye vichwa vya boriti vilivyozama ukutani, navyo huoza pasipo mtu kujua. Kufikia hapo muuzaji keshapaka rangi, keshauza. Masika yanamkuta mnunuzi na ukuta unaomwaga unga mweupe.

Chokaa hudai siku zake. Ukuta hulowanishwa kwanza, tabaka hupigwa jembamba, kisha hufunikwa kwa magunia mabichi lisikaushwe na jua. Kesho yake mzee hurudi na mwiko, hunyunyiza maji kwa kifagio cha chelewa, akaukandamiza kila ufa uliojitokeza. Nimemtazama akirudia ufa mmoja, nyuma ya mlango, mahali ambapo hakuna mnunuzi atakayetazama.

Hapo ndipo naona mwajiriwa ana bahati asiyoijua. Aliyekopa ili akarabati, kila siku ya kungoja humwongezea deni. Mwenye mshahara anaweza kungoja. Tabaka la Jumamosi linazihitaji hasa zile siku ambazo yeye yuko kazini. Asubuhi apite kuyamwagia maji magunia, jioni apite kutazama. La muhimu mwanzoni ni kumleta fundi kabla ya kulipa, kuhakikisha warithi wote wameridhia na kwamba nyumba si wakfu, na kuomba kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla ya kugusa hata dirisha.

Zamani kazi hii ilikuwa ya kundi. Sakafu na mapaa ya chokaa yalipigwa kwa magongo, watu wamepanga safu, wakiimba ili mapigo yaende sawa, mpaka chokaa ishikane. Bibi yangu alisimulia jinsi mtaa mzima ulivyojua nyumba ya nani inasakafiwa kwa kusikia nyimbo tu, na watoto walivyozishika wakazichezea uani. Mimi sikuwahi kuzisikia zikiimbwa kazini.

Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883, iliporomoka likiwa katika ukarabati, na watu wakafa. Nilidhani baada ya hapo mafundi wa chokaa wangetafutwa kwa taa. Lakini wajukuu wa mzee wanajenga kwa matofali ya saruji nje ya mji. Huko ndiko kazi iliko.

Juzi mteja mmoja alimtaka akabidhi nyumba kabla ya Ramadhani. "Mwanangu, chokaa haitakuwa tayari," mzee alimjibu. "Tafuta fundi wa saruji." Mteja alimpata siku ileile, na nyumba imeshauzwa.