Mstari wa Sifuri Nne

Anayetoka Garissa kwenda Nairobi haulizi njia. Anavuka daraja la Mto Tana, anaingia Madogo, na kuanzia hapo barabara yenyewe itamfikisha Mwingi, Thika na kwingineko. Hata mfugaji wa huku, anayezijua njia zote za visima na malisho kwa majina yake, ukimtajia mji asiowahi kuusikia atakujibu vivyo hivyo: shika njia ya Madogo kwanza, mbele utaelekezwa.

Jibu hilo ndilo ninalolisoma kila asubuhi kwenye kioo cha kompyuta, katika chumba kidogo chenye joto ambamo ruta yetu ya Madogo imefungwa ukutani:

O*E2 0.0.0.0/0 [110/10] via 10.20.0.1, 6w2d

Huu ndio mstari wa njia ya difolti, na kwangu hakuna mstari mzuri kuliko huu katika kazi yote ya mtandao. Herufi O inasema habari imeletwa na OSPF, lugha ambayo ruta hutumia kupashana habari za njia. Nyota ni alama ya difolti. E2 inasema njia hii imetoka nje ya mtandao wetu, ikatangazwa ndani na ruta iliyoko mlangoni. 110 ni kiwango cha imani ambacho ruta huipa habari ya OSPF, kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo imani inavyokuwa kubwa. 10 ni gharama tuliyoipanga wenyewe. Kisha inafuata anwani ya jirani wa kumpelekea mzigo, ruta iliyoko Garissa, na mwisho muda ambao njia hiyo imedumu bila kubadilika: wiki sita na siku mbili.

Lakini uhondo wenyewe umo kwenye sifuri. Namba iliyo baada ya mkwaju hueleza ni biti ngapi za mwanzo wa anwani ambazo lazima zilingane, kati ya 32. Njia yenye /24 hudai biti 24 zifanane ndipo ikubali pakiti, yaani kifurushi cha data. Njia yenye /0 haidai hata moja. Inalingana na kila anwani iliyopo duniani, na papo hapo inamwachia nafasi yeyote anayejua zaidi, kwa sababu ruta huchagua njia iliyolingana kwa biti nyingi. Pakiti inayokwenda kwa jirani wa mtaa wa pili itapita njia yake mahususi. Inayotafuta seva ya London au Dubai, ambayo Madogo haina habari zake, inaangukia mikononi mwa sifuri nne. Jedwali kamili la njia za intaneti, kwa anwani za mtindo huu wa zamani wa biti 32 peke yake, lina njia zaidi ya laki tisa. Ruta yetu ina njia zisizofika hamsini, na mstari huo mmoja unaifaa mahali pa zote zilizobaki.

OSPF ninayoisema iliandikwa na John Moy, na toleo lake tunalolitumia hadi leo lilichapishwa Aprili 1998. Moyo wake ni hesabu ya Mholanzi Edsger Dijkstra. Mwenyewe alisimulia kwamba aliipata mwaka 1956 akiwa amekaa na mchumba wake kwenye mkahawa mjini Amsterdam, kwa dakika kama ishirini, akijiuliza njia fupi ya kutoka Rotterdam hadi Groningen. Hunifurahisha kwamba alianza na barabara za miji, kama tunavyoanza sisi na daraja.

Ruta zinazozungumza OSPF kwa kawaida husalimiana kila sekunde 10. Jirani akinyamaza kwa sekunde 40 huhesabiwa hayupo, na kila mmoja huchora ramani upya bila yeye. Kila tangazo hurudiwa na aliyelitoa baada ya nusu saa, na lisiporudiwa hufutwa likifikisha saa moja. Hakuna habari inayoachwa iishi kwa mazoea.

Sasa, nani atangaze difolti? Hapo ndipo pa kumtambua fundi. Amri ni fupi, default-information originate, na ruta ikipewa amri hiyo hujikagua kwanza: je, mimi mwenyewe ninayo njia ya kutoka nje? Ikiwa nayo, huwatangazia wenzake. Ikiikosa, hunyamaza. Ila amri hiyo ina neno la hiari linaloweza kuongezwa mwishoni, always, yaani daima. Ukiliandika, ruta itatangaza iwe na njia au isiwe nayo.

Nimewahi kukesha kwa ajili ya neno hilo, katika mji mwingine nisioutaja. Simu zote zilionyesha mtandao umejaa, jedwali la kila ruta lilikuwa na mstari wake wa sifuri nne, na hakuna hata ujumbe mmoja uliotoka. Tulipanda mnara mara mbili. Tulibadilisha nyaya zilizokuwa nzima. Alfajiri tukalikuta neno lenyewe: ruta ya mlangoni ilikuwa imepoteza njia yake tangu jioni, nayo iliendelea kuita pakiti zote na kuzitupa zikifika. Kibaya zaidi, tulikuwa na njia ya akiba, setilaiti, iliyotangazwa kwa gharama kubwa kidogo. Ilikaa usiku kucha bila kazi, kwa sababu aliyekufa alikuwa bado anajitangaza kuwa rahisi kuliko aliye hai.

Watu wa hapa hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Mvua za El Niño mwishoni mwa 2023 zilipoikata barabara upande huu wa daraja, na maji yakarudi tena katika masika ya 2024, abiria walivushwa kwa maboti. Katika siku kama hizo, anayesimama stendi akiita "Nairobi! Nairobi!" anapaswa kuwa ameiona barabara kwa macho yake, maana waliopanda watashushwa na watoto na mizigo mbele ya maji.

Neno always lina mahali pake halali, sikatai, kwenye maabara au pale ambapo kunyamaza kwa mlango kungeharibu zaidi. Ila kuliacha si kazi yote. Ruta huweza kudanganyika bila kudanganya. Taa ya kebo inawaka kijani kwa sababu kifaa cha mwenye kuuza intaneti kiko mita mbili tu, ilhali mkongo umekatwa na tingatinga mbali huko. Ruta inaona njia ipo. Kwa hiyo fundi mwenzangu wa Garissa ameifunga difolti yake na hodi: kila sekunde 5 ruta hubisha kwenye anwani ya mbali, ng'ambo ya mkongo. Hodi tatu zisipoitikiwa, njia inaondolewa kwenye jedwali, na tangazo linafutwa lenyewe. Alichagua anwani mbili za kubishia badala ya moja, asije akahukumu mkongo mzima kwa sababu ya seva moja iliyozimwa kwa matengenezo. Nilimtazama akizitafuta anwani hizo siku nzima, akizipima asubuhi, adhuhuri na usiku, kabla hajaziamini.

Kisha tukajaribu, usiku, watu wakiwa wamelala. Kuchomoa kebo ni jaribio jepesi mno, ruta yoyote huona kebo iliyochomolewa. Yeye alizuia majibu ya hodi tu, taa zote zikabaki kijani. Mimi nilikuwa Madogo, simu sikioni, macho kwenye kioo.

"Kaka, nimezuia. Hesabu."

Sekunde tano. Kumi. Mstari uko palepale. Ya kumi na tano ikapita, nikaita jedwali tena, na mstari ulikuwa umebadilika:

O*E2 0.0.0.0/0 [110/100] via 10.20.0.9, 00:00:01

Ilikuwa ruta ya setilaiti, maana hapa pia tunayo njia ya akiba, iliyokuwa ikisubiri na gharama yake ya mia. Nikafungua ukurasa kwenye simu, ukaja, polepole kidogo. Nikamwambia imeshika. Akaniomba nisubiri, hakutaka kurudisha haraka. Tukakaa dakika kumi tukiiangalia isiyumbe, mbwa wakibweka upande wa mto. Ndipo akaziachia hodi zipite. Nikasoma tena: 10, 10.20.0.1, sekunde mbili.