Bei ya Saa Moja Mbele ya EPRA

Tokeni za shilingi 500 zikiingia kwenye simu ya mpangaji wa Kayole, Nairobi, ujumbe huonyesha kiasi kilichonunua stima yenyewe na kiasi kilichokwenda kwenye makato mengine. Ndani ya makato hayo mna gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, VAT, asilimia 5 ya kupeleka umeme vijijini, na tozo inayoiendesha EPRA, mamlaka inayodhibiti bei. Mawakili na washauri wa Kenya Power, kampuni ya stima inayoiomba EPRA bei mpya, nao hulipwa kutokana na mapato ya stima. Mpangaji amemgharamia mdhibiti, amemgharamia na mwombaji. Mtaalamu wa kumsemea yeye hana fungu popote.

Pengo hilo lina hasara inayohesabika. Bei zilizoanza tarehe 1 Aprili 2023 zilishusha kiwango cha mtumiaji mdogo kutoka uniti 100 kwa mwezi hadi 30. Kabla ya makato, mtumiaji mdogo aliwekewa Sh12.22 kwa uniti, wa kati Sh16.30, na anayepita uniti 100 Sh20.97. Sasa chukua ploti ya Dandora yenye vyumba kumi na mita moja. Kila chumba kikitumia uniti 20, wapangaji wote ni watumiaji wadogo, lakini mita inasoma 200. Kwa bei hizo za 2023, tofauti ni Sh8.75 kwa uniti, yaani Sh1,750 kila mwezi, na wanaoilipa ni walewale ambao nafuu iliwekwa kwa ajili yao.

Hoja hiyo inaweza kusemwa kwenye kikao cha umma cha kujadili bei kwa dakika tatu, ikaandikwa kuwa lalamiko. Ili iwe ushahidi, lazima mtu ahesabu mita za pamoja mtaa kwa mtaa, apekue hesabu za Kenya Power, aonyeshe mapato yatakayopungua yatafidiwa vipi, kisha asimame ahojiwe. Ni kazi ya wiki kadhaa, na nauli pamoja na chakula cha mchana haviwezi kuilipia.

California ilitunga sheria ya kuilipia kazi ya namna hii mwaka 1984. Anayewakilisha wateja wa kawaida, na ambaye kushiriki kungemwelemea kifedha, huijulisha mapema Tume ya Huduma za Umma kwamba ataomba malipo. Uamuzi ukishatolewa, ana siku 60 za kuleta madai: saa alizofanya kazi, tarehe, na hoja iliyoshughulikiwa kila saa. Hulipwa kwa kazi iliyochangia uamuzi kwa uzito. Kazi za ukarani hazilipwi, na saa za safari au za kuandika madai yenyewe hulipwa nusu. Kampuni ya huduma ndiyo inayotoa pesa, kisha huzirudisha kupitia bei.

Kiini cha sheria hiyo, kwa maoni yangu, ni namna inavyoweka bei ya saa. Inaangalia soko linamlipa nini mtu mwenye mafunzo na uzoefu kama huo, na inaweka kikomo: asipite kile ambacho tume au kampuni, yoyote inayolipa zaidi, inawalipa watu wake wa kiwango hicho. Kwa hiyo kampuni inayolalamika kwamba mtaalamu wa wateja ni ghali hupimwa kwa malipo yake yenyewe.

Hata huko bei zilichakaa. Mkaguzi wa jimbo alipoipitia tume mwaka 2013, alitaka soko lichunguzwe upya. Orodha mpya, iliyojengwa juu ya takwimu za ajira na mishahara, ilipitishwa Desemba 2020 na kuanza 2021. Funzo la kiufundi hapo ni kwamba bei iandikiwe njia ya kupanda kila mwaka tangu mwanzo.

Kwetu Kenya vifaa vya kupimia malipo hayo vipo. Mikataba ya ushauri ya mashirika ya umma hupitia sheria ya ununuzi ya 2015, basi kumbukumbu za malipo zipo. Mahakama Kuu ina msajili anayekagua bili ya wakili mstari kwa mstari na kukata kilichozidi. Tanzania ilipitia njia nyingine: sheria ya EWURA ya 2001 iliunda baraza la kudumu la watumiaji. Baraza lina kumbukumbu ndefu, nami naliheshimu, lakini mpangaji wa Huruma na mwenye kiwanda cha Industrial Area wote ni watumiaji, na hoja zao hugongana. Kila mmoja anahitaji mtu wake.

Tufanye hesabu ya mfano. Wataalamu wanne, saa 150 kila mmoja, Sh5,000 kwa saa: jumla Sh3,000,000. Kenya Power ina wateja zaidi ya milioni 9, kwa hiyo kila mteja hachangii hata senti 34, tena kwa mapitio ya bei yanayofanywa baada ya miaka kadhaa.

Ugumu uliobaki ni muda. Malipo yanayokuja baada ya uamuzi humfaa mwenye akiba, na mhasibu kijana wa Umoja anayeishi kwa kazi ndogondogo hawezi kungoja miezi. Ningependekeza gharama ya kukusanya takwimu ilipwe mapema, kwa mpango wa kazi uliokubaliwa, na ada ya saa ingoje uamuzi. Orodha ya bei nayo itangazwe kabla maombi hayajawasilishwa.