Tairodi Ikiondoka: Mwongozo wa Kupima Ukaguzi wa Hataza ya Usukani

Kila inapotangazwa hataza ya gari ambalo magurudumu yake manne yanageuka kila moja kivyake, sifa humiminwa mahali pasipostahili. Watu hutazama video ya gari likiingia maegesho kwa mwendo wa kaa, wakavutiwa, kisha wakaamini kwamba ofisi iliyotoa hataza ile imefanya kazi nzuri. Wengine wanaojiona wajuzi zaidi huhesabu nyaraka zilizotajwa katika ripoti ya upekuzi: zikifika kumi na mbili, mkaguzi huyo anapewa jina la mtu makini. Vyote viwili si vipimo. Video haimo katika madai, na rundo la nyaraka mara nyingi ni dalili ya mkaguzi ambaye hakujua anatafuta nini. Ukaguzi uliokomaa hutaja nyaraka mbili, zikizidi sana tatu, na kila moja ina kazi yake inayoonekana. Inaudhi kuona kazi legelege ikipigiwa makofi, maana hataza hudumu miaka 20 tangu tarehe ya ombi, na katika miaka hiyo yote fundi mwingine anakatazwa kutengeneza kitu ambacho pengine kilikuwa mali ya watu wote.

Tuanze na lililo wazi. Wazo la kila gurudumu kugeuka juu ya egemeo lake si la jana. Erasmus Darwin alilieleza Uingereza katika karne ya 18. Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi wa Munich, alilitengeneza upya, na wakala wake Rudolph Ackermann akalichukulia hataza London mwaka 1818. Ofisi za Uingereza za wakati huo hazikupekua upya wa uvumbuzi. Upekuzi huo ulianza mwaka 1905. Kwa hiyo hakuna mkaguzi aliyemwekea Ackermann kazi ya Darwin mezani, na jina la Ackermann ndilo lililobaki katika vitabu vya mafundi mpaka leo. Amédée Bollée naye aliendesha L'Obéissante, gari lake la mvuke la mwaka 1873, kwa magurudumu ya mbele yenye maegemeo mawili tofauti. Kugeuza ya nyuma pamoja na ya mbele kuliuzwa madukani kabla vijana wengi wa leo hawajazaliwa: Honda Prelude ya mwaka 1987 ilikuwa na mfumo huo kwa chuma kitupu, bila kompyuta. Basi dai linaloishia kusema kwamba kila gurudumu lina mota yake ya kuligeuza halijasema jambo. Limebadilisha tu anayesukuma.

Kipimo cha kwanza ni swali la mkaguzi anayejua kazi: tairodi, ile fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, imeondoka; nini kimekaa mahali pake? Tairodi haikuwepo ili kusukuma gurudumu tu. Ilikuwa inalinda uhusiano. Chukua gari lenye mita 2.7 kati ya ekseli zake na mita 1.5 kati ya kingpini, yaani maegemeo ambayo magurudumu hugeukia. Likigeuka huku katikati ya ekseli ya nyuma ikiwa mita 5 kutoka kitovu cha mgeuko, gurudumu la ndani la mbele linatakiwa kukaa nyuzi 32.4 na la nje nyuzi 25.2. Tofauti hiyo ya nyuzi 7 ndiyo inayozuia matairi kusuguana na barabara, na kwa zaidi ya miaka mia imekuwa ikilindwa, japo kwa makadirio, na umbo la vyuma vitatu vilivyofungwa pamoja. Carl Benz alilielewa jambo hili vizuri kuliko wengi waliomfuata. Gari lake la kwanza alilipa magurudumu matatu, na hataza yake ya mwaka 1893 kuhusu usukani inataja uhusiano huo katika kichwa chake chenyewe: duara za mgeuko zinazowekwa ziguse magurudumu kwa tanjenti. Kabla hujafungua ukurasa wa pili unajua nini kinadaiwa. Hivyo ndivyo hataza ya usukani inavyopaswa kuandikwa, na hivyo ndivyo mkaguzi anavyopaswa kumlazimisha mwombaji aandike.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mgeni wa kazi hii hulikosa kila mara. Maombi ya aina hii huja na michoro ya mikao: mkao wa kwenda mbele, mkao wa kaa, mkao wa kuzunguka papo hapo. Macho hutua kwenye mikao, na ripoti ya ukaguzi nayo hujadili mikao. Lakini mikao yote hiyo inajulikana kwenye kreni, kwenye magari ya bandarini na kwenye mashine za kunyunyizia dawa mashambani. Kilicho kigumu hakichorwi: ni namna gari linavyotoka mkao mmoja kuingia mwingine. Lichukue tena gari lile lile na ulizungushe kwa kitovu kilicho katikati yake. Kila gurudumu linatakiwa kukaa nyuzi 60.9 kutoka mwelekeo wa mbele. Mchoro unaonyesha hivyo na mchoro ni sahihi. Je, lilifikaje pale likiwa linatembea? Kitovu cha mgeuko kinasogea kutoka mbali ubavuni kulijia gari. Magurudumu ya nje yanaongeza pembe taratibu mpaka 60.9, na hayana shida. Ya ndani yanaongeza haraka zaidi. Kitovu kikifika kwenye mstari wa kingpini zake yanakuwa yameshafika nyuzi 90, na kitovu kikiendelea kuingia katikati yanalazimika kuvuka 90 mpaka 119.1. Gurudumu lililo kwenye nyuzi 119.1 upande huu limelala sawasawa na lililo kwenye nyuzi 60.9 upande wa pili, ila linabingirika kinyume. Basi mtambo unaogota kwenye nyuzi 90 hauna njia ya kupita huku ukiendelea kutembea. Lazima gari lisimame, magurudumu ya ndani yarudi yavuke sifuri mpaka ng'ambo, na mota zake za kuendesha zibadili mzunguko. La sivyo matairi yataburuzwa. Hata ukipitia mkao wa kaa utakutana na ukuta huo huo.

Ndiyo maana dai linalosema kwa pumzi moja kwamba magurudumu yanageuka mpaka nyuzi 90 kila upande, na kwamba gari linaingia mzunguko wa papo hapo bila kusimama, ni dai lililoharibika, hata likipambwa kwa michoro ya rangi. Mkaguzi mwenye jicho analiona kwa penseli na karatasi. Anajua pia la kuuliza endapo mwombaji atajibu kwamba gari husimama kwanza. Kingpini inafika chini wapi ukilinganisha na katikati ya tairi? Kama ziko mbali kwa sentimita kadhaa, gurudumu likigeuzwa papo hapo linabingirika kwenye kijiduara. Breki zikikazwa halibingiriki tena, linasuguliwa. Breki ziachiwe lini, magurudumu yageuke kwa mpangilio gani, na kipi kinalishikilia gari mlimani wakati huo? Uvumbuzi, kama upo, umejificha katika majibu ya maswali haya. Na mota moja ikizimika katikati ya njia je? Waliounda gari la mwezini la Apollo walilifikiria hilo: usukani wa mbele ulikuwa na mota yake na wa nyuma yake. Katika matembezi ya kwanza ya Apollo 15 mwaka 1971 usukani wa mbele uligoma, gari likaongozwa kwa magurudumu ya nyuma peke yake, na kazi ikaendelea. Maombi mengi ya leo yana kompyuta nyingi kuliko gari lile na hayana sentensi moja kuhusu suala hilo.

Kipimo cha pili kinafuata hapo. Ukishajua ni kipengele gani kinachobeba dai, upekuzi lazima ukifuate kipengele hicho, si picha nzima. Kesi ya KSR dhidi ya Teleflex, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani tarehe 30 Aprili 2007, inafundisha jambo hili vizuri zaidi ya kitabu chochote. Ilihusu pedali ya gari inayorekebishika, yenye kihisi cha kielektroniki. Mkaguzi alikataa dai pana, kisha akakubali dai jembamba kwa sababu lilitaja kihisi kukaa kwenye egemeo lisilohama. Lakini pedali yenye egemeo la namna hiyo ilikuwa tayari katika hataza ya Asano, ambayo haikuwahi kufika mbele yake. Kipengele kilichookoa dai ndicho ambacho hakikupekuliwa ipasavyo, na mahakama ikaliangusha. Kwa usukani unaojitegemea, anayeishia kundi la usukani, B62D 7 katika uainishaji wa kimataifa wa hataza, amepekua nusu. Kuna A01B 69 ya mashine za kilimo, kuna B60K 7 ya mota zinazokaa kwenye gurudumu, kuna B66F ya foklifti, na huko ndiko mafundi walikohangaika na suala la kuvuka nyuzi 90 zamani. Enzi za makabati ya karatasi mkaguzi alipekua kwa vidole, na hata kilichokuwa jirani na alichotafuta kilipita machoni pake. Marekani ilikuwa ikidai mifano ya kushikika mpaka mwaka 1880. Mfano wa usukani ukiusukuma mezani unajieleza wenyewe. Tumeongeza kasi ya kutafuta maneno, na mazoea ya kuutazama mtambo ukitembea yamepungua.

Wapo watakaosema kwamba namdai mkaguzi kazi ya mhandisi wa usalama, na kwamba hataza si kitabu cha karakana. Ni kweli sheria haitaki gari lililo tayari kuuzwa. Inataka fundi mjuzi asome maelezo aweze kuutekeleza uvumbuzi. Mkataba wa Hataza wa Ulaya unalisema hilo katika kifungu cha 83. Watajibu kwamba fundi mjuzi atajaza pengo la mpito mwenyewe. Hapo ndipo hoja yao inapojifunga. Kama fundi yeyote mjuzi anaweza kulijaza pengo hilo kwa maarifa ya kawaida, basi dai halina kitu juu ya yaliyokwishajulikana, na linaanguka kwa kukosa hatua ya uvumbuzi. Kama hawezi, maelezo hayatoshi, na linaanguka kwa kifungu cha 83. Mkaguzi hodari huandika pande zote mbili katika barua yake ya kwanza, aya fupi mbili, na kumwachia mwombaji achague.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kulibana dai kunamuumiza mvumbuzi mdogo, ambaye mshindani tajiri atamzunguka. Kuzungukwa kupo. James Watt alizungukia hataza ya James Pickard ya mwaka 1780 juu ya kombo la injini kwa kubuni gia za jua na sayari mwaka uliofuata. Lakini Watt alilazimika kubuni, na ulimwengu ukapata mtambo wa pili. Linganisha na George Selden, aliyeomba hataza ya gari mwaka 1879, akavuta ombi kwa marekebisho mpaka mwaka 1895 huku wengine wakijenga magari halisi, kisha hataza yake ikatumika kuwatoza ada. Mwaka 1911 mahakama ya rufaa ilisema hataza hiyo inahusu injini ya aina ya Brayton, ambayo Ford, mtengenezaji wa magari aliyeshtakiwa, hakuitumia. Upana ule wote ulikuwa wa maneno. Hila hiyo leo imevaa nguo nyingine: kitengo cha udhibiti kilichosanidiwa kuhakikisha magurudumu yanageuka kwa ulinganifu. Hapo mwombaji amedai matokeo na kuacha njia. Mkaguzi anayeipitisha sentensi hiyo bila kuuliza kitengo kinapokea nini, kinakokotoa nini na kinaamuru nini, hajakagua. Na wale wanaosema kwamba uhusiano wa pembe ni hesabu tupu isiyostahili hataza wanakosea kwa upande wa pili: hesabu inayoamuru mota ya usukani ni ufundi, alimradi iwe imeandikwa ndani ya dai.

Yapo mambo mengine ambayo sitayatetea kwa urefu. Dai la kwanza linalozidi ukurasa mmoja ni baya. Neno "ikiwezekana" halina nafasi ndani ya dai. Mchoro wa usukani usio na mwonekano wa kutoka juu, wenye mistari ya ekseli ikikutana kwenye kitovu, urudishwe. Na barua ya mkaguzi isiyotaja hata pembe moja kwa tarakimu haikuandikwa na mtu aliyelifikiria gurudumu.

Kwetu jambo hili si la mbali. Chini ya Itifaki ya Harare, ARIPO, shirika la kikanda la miliki bunifu barani Afrika, hukagua ombi moja kwa niaba ya nchi zilizotajwa, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwa miongoni mwa wanachama, na nchi ina miezi sita ya kusema kwamba hataza haitakuwa na nguvu kwake. Kwa Ulaya, mtu yeyote anaweza kupeleka hoja zake kwa Ofisi ya Hataza wakati ombi bado linashughulikiwa, na baada ya hataza kutolewa kuna miezi tisa ya kuipinga. Wewe fundi uliyefungua ekseli za mashine za shamba au za bandarini, ukiona dai linalofanana na kile ulichokwisha kukishika, tafuta kitabu cha mashine ile, weka alama kwenye ukurasa, hakikisha tarehe yake inaonekana, na ukipeleke kabla miezi hiyo tisa haijaisha.