Sifa za Trei Isiyojaa

Pasnipi haina sura ya kumvuta mtu sokoni. Ni mzizi uliopauka, mfano wa karoti iliyougua, na anayeing'oa mapema huambulia wanga mtupu. Ndiyo maana wenye bustani wengi Uingereza huiacha udongoni mpaka ipigwe na jalidi. Baridi ikikaza, mmea hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, nayo sukari hiyo huukinga usigande upesi. Ulaya ya zamani, sukari ya miwa ilipokuwa bado ghali, pasnipi ilitumika kutia utamu vyakula. Kwa hiyo mpishi wa mboga za majira ya baridi anapowasha oveni, nusu ya kazi imekwisha kufanyika shambani. Iliyobaki ni kuondoa maji, na ufundi wote umo humo.

Maadamu uso wa kipande una unyevu, joto lake halipandi sana kupita nyuzi 100, na rangi ya kahawia haiji hapo. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza mwaka 1912 jinsi sukari na asidi amino zinavyoungana. Muungano huo ndio unaozaa rangi na harufu, na hushika kasi kwenye nyuzi 140 hivi. Mpishi hodari si lazima alijue jina la Maillard, maana mikono yake inayajua hayo. Hukausha mboga kwa kitambaa zikishaoshwa, huzikata kwa ukubwa mmoja, huzipaka mafuta kiasi cha kung'aa bila kuchuruzika, kisha huzipanga mbalimbali, upande uliokatwa ukilala chini. Zikibanana, mvuke wa hii huilowesha ile, na kinachotoka ni mboga za kuchemsha zinazojidai zimeokwa. Nimekula nyingi za aina hiyo kwenye meza za waungwana, nikanyamaza kwa adabu.

Oveni iwe nyuzi 220 hivi, na trei itangulie kuingia ishike moto. Hapo huja jambo gumu kwa sisi tuliolelewa na mwiko mkononi: kutokoroga. Kipande cha karoti kinapoanza kupata rangi hung'ang'ania bati. Ukikibandua kwa nguvu, sehemu yake tamu kuliko zote inabaki kwenye trei. Ukikiacha, mafuta yanatoa povu dogo dogo pembeni, ukingo unanyauka, rangi ya machungwa inakolea hadi hudhurungi, nacho kinaachia chenyewe. Kigeuze mara moja, basi. Bitiruti ni kaidi, hutaka kutangulizwa. Kabichi ndogo za Brussels huingia baadaye kwa kuwa majani yake ya nje huungua upesi. Hizo watoto wa leo wanazila bila ugomvi mkubwa, na sifa si ya wazazi: wazalishaji wa mbegu wa Uholanzi walichagua aina zenye uchungu kidogo.

Sifa ya afya wanayopewa mboga za kuokwa nayo ni ya kweli. Moto hupunguza vitamini C kwa njia yoyote ya kupika, lakini mboga iliyookwa haiachi virutubisho vyake kwenye maji ya kumwaga, na mafuta yale kidogo husaidia mwili kufyonza karotini ya karoti na boga. Viazi mviringo ndivyo vya kuangaliwa: mwaka 2002 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba vyakula vya wanga vikiokwa au kukaangwa kwa moto mkali huzaa akrilamaidi, kwa hiyo rangi ya dhahabu inatosha. Hata hivyo, sijamwona bado mtu aliyeongeza sahani kwa kuipenda karotini.

Kiazi kitamu chenyewe hukataa kanuni ya moto mkali. Ndani yake mna kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari, nacho hufanya kazi wakati kiazi kinapata joto polepole, kabla ya moto kukiua. Bibi anayekifukia kizima kwenye majivu ya mafiga anakipa muda huo, na wauzaji wa Japani wanaokioka kwenye kokoto za moto wakati wa baridi vilevile. Mwenye oveni basi akipike peke yake, kizima na maganda yake, kwa moto mdogo, mpaka kitoe asali kwenye ngozi.

Ndimu na chumvi ya mwisho ni za mezani, mboga zikiwa bado za moto, kando ya samaki au dengu. Anayetaka pilipili aifuate mwenyewe jikoni.