Tafsiri ya modemu imetuumbua: nomino tunaunda, vitenzi tumevitelekeza

Muhula huu niliwapa wanafunzi wangu wa uzamili wanaosomea tafsiri kurasa tatu za mwongozo wa Kiingereza. Mwongozo wenyewe unaeleza jinsi ya kuunganisha modemu ya safarini na kompyuta ndogo ya kiganjani kwa miale ya infraredi, bila waya baina yake, ili msafiri aweze kutuma barua pepe kutoka chumba cha hoteli. Vifaa vyote viwili ni vyangu. Kompyuta ni Psion Revo, iliyoingia sokoni mwaka wa 1999. Inakunjika kama sanduku la miwani na ina kicharazio kamili ndani. Betri yake ilikufa kitambo na haiwaki tena, lakini mkono bado waweza kuishika na kuigeuza, na kwa zoezi nililokusudia hilo lilitosha.

"Prof, hii ilikuwa simu ya aina gani?" akaniuliza kijana mmoja. Nikamwambia haikuwa simu. Simu ilikuwa ukutani, na ndiyo maana modemu ilihitajika.

Kwa wasiozijua zama hizo, modemu ilikuwa kama mkalimani. Kompyuta huzungumza kwa tarakimu, waya wa simu uliundwa kupitisha sauti. Modemu huzigeuza tarakimu kuwa milio, na iliyo upande wa pili huigeuza milio kuwa tarakimu tena. Zile za safarini zilikuwa ndogo, zikitumia betri, na waya wake mmoja tu ndio uliochomekwa kwenye soketi ya simu. Kati yake na kompyuta palikuwa na mwanga tu, mwanga usioonekana kwa macho, ule ule unaotoka kwenye rimoti ya televisheni. William Herschel ndiye aliyeugundua, mwaka wa 1800, alipoweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu kwenye mwanga wa jua uliopasuliwa rangi, akaona joto linapanda pahali pasipoonekana rangi yoyote.

Basi, tafsiri zikaletwa. Nilichagua ile iliyoonekana nadhifu kuliko zote, nikampa mwanafunzi wa shahada ya kwanza ambaye hajawahi kuiona modemu maishani mwake, pamoja na vifaa vyenyewe, nikamwambia, "Fuata maelezo." Sentensi ya kwanza ilikuwa hivi: "Uhakikishaji wa uwepo wa mstari wa kuonekana baina ya bandari mbili za infraredi unapaswa kufanywa kabla ya uanzishaji wa muunganisho."

Binti wa watu akaisoma mara tatu. Akavigeuza vifaa juu chini akitafuta bandari. Akauliza, "Ziko wapi? Sioni tundu lolote." Mwishowe akavilaza ubavu kwa ubavu mezani, kama ndugu wawili kitandani, akaniangalia.

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa kosa lile ni langu. Nililifanya mwenyewe mwaka wa 2001.

Nilikuwa nimetoka kisiwani Pate, nilikokaa majuma matatu nikikusanya msamiati wa mabaharia: majina ya sehemu za jahazi, ya pepo, ya kamba na ya mafundo. Mzee aliyenipa sehemu kubwa ya maneno hayo alikuwa amepita miaka themanini. Maneno 600 na ushei nilikuwa nimeyaandika kwenye Revo, kwa kiburi cha mtu aliyenunua kifaa kipya, na karatasi nikaidharau. Nilipofika Mombasa na kulala katika nyumba moja ya wageni Mji wa Kale, ndipo nilipogundua kwamba chaja na waya wa kuunganishia vyote vimebaki Nairobi. Kompyuta hiyo haina kadi ya kuhifadhia. Kila kilichoandikwa hukaa kwenye kumbukumbu inayotegemea betri, na betri ikiisha kabisa, umeipoteza kazi yote. Kijialama cha betri kilikuwa kimefika chini kabisa. Nilichokuwa nacho ni modemu, soketi ya simu, na usiku mmoja.

Mwongozo wa Kiingereza ulikuwa mkobani. Niliusoma, nikaelewa kila neno. Hata hivyo nilivilaza vifaa vile ubavu kwa ubavu karibu na dirisha, jua la alasiri likivipiga, nikajaribu mara tano, sita. Patupu. Nikateremka kwa mama wa mapokezi, aliyekuwa pia mwangalizi wa swichibodi, nikamwuliza kama simu ya chumbani ina hitilafu. Akapanda nami. Nikamweleza kwa Kiswahili changu cha chuo kikuu kwamba vifaa hivi huwasiliana kwa miale, na kwamba lazima kuwe na njia ya moja kwa moja. Akavitazama, akatikisa kichwa.

"Sasa mwalimu, vitasemezana vipi na vimepeana mabega? Vitazamanishe basi. Na uvitoe hapo juani."

Nikavitazamanisha. Kidirisha cheusi cha hiki kikaelekea kidirisha cheusi cha kile, umbali wa shibiri moja, pazia likashushwa. Kompyuta ikaitambua modemu papo hapo.

Hebu tulitazame hilo neno lake. Mzizi ni *tazama*. Ukiongeza *-an-* unapata kauli ya kutendana: *tazamana*, kila kimoja kikimwelekea mwenziwe. Ukiongeza *-ish-* unapata anayevifanya vitazamane. Na *vi-* mwanzoni inakwambia ni vitu gani. Kwa neno moja mkono umejua la kufanya: shika hiki, shika kile, vigeuze hadi nyuso zielekeane. Viwango vilivyowekwa na chama cha watengenezaji wa vifaa vya infraredi, kilichoundwa mwaka wa 1993, vinataka hayo hayo: umbali usiozidi mita moja na mwelekeo usiopinda zaidi ya nyuzi 15 kila upande. Mwanafunzi wangu alihitaji maneno 20 kulisema jambo hilo, na hakulisema. Katika sentensi yake nzima hakuna mtu anayetenda. Uhakikishaji "unapaswa kufanywa". Na nani?

Kuna zaidi. Miale ya infraredi ya vifaa hivi haiendi na kurudi kwa wakati mmoja. Kinachotuma hupofushwa na mwanga wake chenyewe, hivyo hiki husema, kikanyamaza, kile kikajibu. Mwongozo unatumia istilahi ya wahandisi, mwanafunzi ameitafsiri "mfumo wa nusu-uwili." Ukinipa mwaka mzima sitakueleza maana yake. Ilhali sisi tuna *kupokezana*, kitenzi ambacho kila aliyewahi kutwanga kinu na mwenzake anakielewa. Vifaa hivi hupokezana. Imekwisha.

Vivyo hivyo kwa ile milio ya ajabu modemu mbili zinapokutana kwenye waya wa simu, zikikubaliana kasi na lugha kabla ya kazi kuanza. Waingereza wanaiita kwa jina la kushikana mikono. Tafsiri iliyo mbele yangu inasema, "Subiri ukamilishaji wa ushikanaji mikono." Modemu hazina mikono. Lakini Kiswahili kina kuamkuana, na hakuna Mswahili anayeanza shughuli na mtu kabla ya kuamkuana naye. Kitenzi kinangoja tu kuajiriwa.

Nisije nikaonekana namwonea kijana. Lugha ya modemu yenyewe, ile ambayo kompyuta huitumia kuiamrisha, ni vitenzi vitupu. Ilianza na modemu za kampuni ya Hayes ya Marekani mwaka wa 1981 na ikasambaa duniani. Amri huanza kwa AT, yaani "sikiliza wewe!" Halafu D, piga. A, pokea. H, kata simu. Mhandisi alipotaka mashine imtii aliisemesha kama mtu anavyomsemesha mwanawe jikoni. Sisi tunapotaka binadamu afanye kazi tunamwandikia kama hati ya kiwanja.

Katika amri hizo kuna alama moja iliyoniokoa usiku ule. Baada ya vifaa kutazamana, modemu ilikataa kupiga. Mwongozo ulisema kwamba kifaa hungoja kwanza kusikia mlio wa laini, na kwamba milio ya swichibodi za hoteli si lazima ifanane na ile modemu iliyozoea. Dawa yake ni kuiambia isingoje. Mwanafunzi ameandika, "Mpangilio wa usubirishaji wa toni ya upigaji unapaswa kulemazwa." Hilo *lemaza* nimelikuta pia kwenye menyu za programu, na kila nikilikuta linanikera. Kulemaza ni kumtia mtu kilema. Tuna *zima*. Tuna ukanushi: "Usiingoje toni."

Kisha, mama yule akaniambia kwamba kupata laini ya nje lazima nianze na 9, "halafu utulie kidogo, laini haiji mbio." Katika lugha ya modemu, kutulia huko huandikwa kwa koma: 9, halafu koma, halafu nambari. Kwa kawaida koma moja ni sekunde 2. Katika vitabu vyetu vya sarufi alama hiyo huitwa pia kipumuo, na miaka yote niliyoifundisha nilidhani jina hilo ni la picha tu. Niliandika 9 na vipumuo viwili. Modemu ikapiga, ikapumua, ikaendelea, na kule upande wa pili ikaamkuliwa. Maneno yangu 600 yalifika Nairobi kabla ya betri kukata roho. Yule mzee wa Pate alifariki mwaka uliofuata.

Nitaje kasoro moja tu nyingine, na hii sikuivumilia. Mwongozo unaonya kwamba baadhi ya hoteli zina swichibodi za kidijitali, ambazo umeme wa laini zake waweza kuiharibu modemu kabisa. Tafsiri inasema: "Uunganishaji kwa mifumo ya kidijitali haupendekezwi." Haupendekezwi! Kama vile ni ushauri wa mavazi. Kiswahili cha onyo ni *usi-*: "Usiichomeke modemu kwenye laini ya kidijitali, itaungua." Kwa modemu, hasara ni pesa. Lakini mwezi uliopita nilisoma karatasi iliyo ndani ya pakiti ya dawa ya kuhifadhi mahindi, aliyoniletea shemeji yangu nimsomee, nayo ilisema kwamba matumizi ya dawa hiyo ndani ya chumba cha kulala "hayapendekezwi." Shemeji anahifadhi magunia yake chumba anacholala. Aliniambia, "Kumbe ni sawa, ila wao wangependa nisiweke huko." Tuliyahamisha magunia jioni ile ile.

Wanafunzi hawajazuka na mtindo huu. Wameupata kwetu. Katika miaka ya tisini nilikaa katika jopo moja la istilahi. Tulikunywa chai nyingi na kuunda nomino, tukigombania kama ni tarakilishi, ngamizi au kompyuta, na wenye maduka walikuwa wamekwisha kuandika kompyuta kwenye vibao vyao. Sikumbuki hata asubuhi moja tuliyouliza: huyu mtu akiwa mbele ya mashine, atafanya nini? Yaliyoshika kasi baadaye yakashika bila kugombewa sana. *Pakia* na *pakua* yalitoka kwa shehena na kwa sufuria. *Bofya* lilitoka kwa kidole kinachopima embe kama limeiva. Hata *kipakatalishi*, ambalo wengi hulicheka, lina *pakata* ndani yake, na anayelisikia anajua kifaa kinakaa wapi mwilini. Kwa upande wa modemu na infraredi, mimi ningeyakopa tu bila haya. Jina la kifaa halinisumbui tena.

Atakayesema kwamba lugha ya sayansi lazima iwe ya nomino ndipo iwe na heshima, nitampa Revo na modemu, na tafsiri ile, na dakika 10.

Mwanafunzi wangu nilimrudishia kazi bila alama, nikamwomba aiandike upya akiwa ameshika vifaa mkononi. Ameileta juzi. Sentensi ya kwanza sasa inasema: "Vitazamanishe vifaa, kidirisha kwa kidirisha, visiachane zaidi ya mita moja, na usiviweke juani." Bandari zimetoweka. Onyo la swichibodi limeanza na "Usiichomeke." Kwenye ukurasa wa tatu *lemaza* bado ipo, na pembeni amenikwaruzia kwa penseli kwamba ndivyo simu yake inavyosema.