Kitovu cha Chapati

Wiki iliyopita nilialikwa chakula cha mchana kwenye hoteli moja hapa Upper Hill, Nairobi. Tulikuwa sita mezani. Chapati zilipoletwa, mwenzetu mmoja akamega kipande, akafumba macho, akatangaza: "Hii sasa ndiyo chapo. Laini kama sponji!" Wote wakaafiki, na mmoja akaipiga picha. Mimi niliibonyeza yangu katikati kwa kidole gumba nikanyamaza, maana mwenyeji ndiye aliyekuwa akilipa. Leo silipiwi na mtu, kwa hiyo nasema. Sponji ni ya kuoshea sufuria.

Unga wowote wa ngano, ukipakwa mafuta ya kutosha na kuletwa ukiwa moto, utakuwa laini, hata kama umekandwa na mtu mwenye hasira zake. Chapati hupimwa ikiwa imepoa. Bora zaidi ipimwe kesho yake asubuhi, kwa chai ya maziwa. Nzuri itakuwa bado inakunjika bila kukatika, na ukiimega inaachana tabaka kwa tabaka. Mbovu itakuwa imegeuka ngozi ya kiatu. Hukumu hiyo haina rufaa, ingawa Mahakama za Milimani ziko hapa hapa mtaani.

Mengine nitayapita haraka, kwa kuwa hata wapishi wa juzi wanayajua. Maji yawe ya moto kiasi cha kuvumilika mkononi. Unga ulazwe nusu saa, usipungue. Ukitumia ule wenye baking poda ndani, umepika mandazi bapa. Chuma kiwe kizito, na chapati ikauke pande zote mbili kabla haijaona tone la mafuta. Madoa yake yawe kama ya chui. Chapati yenye rangi moja ya kahawia imekaangwa, haijapikwa. Karoti zina kachumbari yake, na malenge yakae pembeni ya sahani. Yai ni la Mwitaliano na tambi zake. Kwenye chapati yai hukaza unga ukipoa, na Waganda wamelielewa jambo hili kuliko sisi: katika rolex yao yai linakaangwa peke yake, kisha chapati inalifunika, kila mmoja na ngozi yake.

Sasa tuje kwenye kitovu, ambacho sijaona mlaji mmoja kati ya hamsini akikitazama.

Angalia kinavyozaliwa. Donge limesukumwa, limepakwa mafuta, limekunjwa kama jamvi, limevutwa likawa kamba, na kamba inazungushwa konokono. Mwanagenzi huanza kwa kubana, kwa sababu konokono aliyebanwa anapendeza machoni. Mkia unaobaki anauchomeka juu, katikati, kama mtu anayefunga bahasha. Tayari hapo katikati pana mwanzo uliobanwa na mkia mnene uliokalia mwanzo huo, unga mara mbili ya ule wa kando. Kisha anasukuma papo hapo. Mti wa kusukumia unateleza juu ya kifundo kile na kutanua kando peke yake. Jikoni mambo yanazidi kuharibika: kando inaiva na kukauka huku katikati pakiwa pabichi. Akisubiri kitovu kiive, kando imekuwa kaki. Asiposubiri, unakula unga. Wengi hawasubiri. Wanamimina mafuta, na mafuta yanafunika aibu.

Fundi huvuta ule mkia mpaka uwe mwembamba kama utambi wa taa, na anauficha chini, si juu. Mwanzo wa konokono anauachia nafasi ya kupumua. Akimaliza anafunika madonge yote kwa kitambaa chenye unyevu, anaondoka, anakwenda kuchambua mchele au kusengenya jirani. Mlalo huu wa pili ndio unaoibwa siku hizi. Unga uliokandwa una nyuzi zinazovutana kama mpira; ukiusukuma kabla hazijalegea, unatanuka kidogo kisha unarudi nyuma kwa ukaidi. Baada ya dakika 20 unakubali. Na hata hapo fundi hakimbilii mti. Anaweka kiganja katikati, anakandamiza kuelekea nje, kitovu kinalala kwanza, ndipo kibao kinaanza kulia.

Ukitaka kukijua kitovu, inua chapati kwa mikono miwili uielekeze dirishani. Kwa vioo vilivyojaa Upper Hill mwanga haukosi. Iliyo nzuri hupitisha mwanga sawasawa, kama pazia la zamani. Mbovu ina kivuli cha duara katikati, ukubwa wa sarafu ya shilingi 20. Watu watakutazama, waache. Halafu anza kula kutoka pale pale. Mlaji wa kawaida huanzia ukingoni, anachovya dengu, anasifu, na akifika katikati ameshashiba, kile kigumu anakiacha kwenye sahani bila kujiuliza kwa nini. Mimi huangalia sahani zinazorudi jikoni. Ukiona vipande vya katikati vimeachwa, umeshapata maoni ya wateja.

Miaka ya nyuma palikuwa na mama mmoja mwenye kibanda nyuma ya Hospitali ya Kenyatta. Wauguzi waliotoka zamu ya usiku ndio waliokuwa wateja wake, watu wenye njaa isiyodanganyika. Chapati ya kwanza kutoka kwenye chuma hakuiuza hata ukimbembeleza. "Hiyo ni ya chuma," alisema, akiila mwenyewe akiwa amesimama, akianzia kitovuni. Siku moja aliionja, akatema, akafunika madonge yake upya, na foleni nzima ikangoja. Hakuna aliyeondoka.

Karibu na Community alikuwapo bwana mwingine, naye alisifiwa kuliko yule mama. Siri yake ilikuwa ndoo ya plastiki. Chapati zake kavu, zenye vitovu kama vifungo vya koti, alizitumbukiza humo zikiwa moto na kufunga kifuniko. Mvuke ulizilegeza. Za jana nazo alizinyunyizia maji, akazipitisha kwenye mafuta, akazitumbukiza humo humo. Wenye tai walipanga mstari. "Laini sana," walisema. Ukitaka kumuumbua ilikuwa rahisi: nunua, nenda nayo ofisini, iache mezani saa moja. Sikuwahi kuona anayengoja saa moja.

Na tusijifanye wenyewe wa chapati tangu Adamu. Pwani ilifanya biashara na Bara Hindi kwa karne nyingi, na Wahindi walioletwa kujenga reli, iliyofika Nairobi mwaka 1899, walikuja na mapishi yao. Reli hiyo hiyo ndiyo iliyokijaza kilima hiki cha Upper Hill nyumba za maofisa wake, za mabati na bustani kubwa, kabla minara haijazimeza. Leo Britam Tower ina mita 200 kwenda juu, na chini yake chapati zinakuja kwa pikipiki zikiwa zimefungwa, zikitokwa jasho.

Kwetu, miaka ya themanini, chapati ilikuwa Krismasi. Kopo la Kimbo lilifunguliwa, mama alikanda, shangazi alisukuma, na cucu, nyanya yetu, alikaa kwenye jiko la makaa akigeuza kwa vidole vitupu. Sisi watoto tulihesabu zilizotoka, na kila mmoja alijua idadi yake. Huenda zilikuwa nzito kuliko ninavyokumbuka. Lakini cucu alikuwa akiinua kila moja mbele ya dirisha la jikoni kabla ya kuiweka kwenye sinia, na mimi kwa miaka nilidhani anaombea chakula.

Kesho saa saba, kama uko Ragati Road au Hospital Road na umeagiza chapo madondo, yaani chapati na maharagwe, usiniamini mimi. Iinue, itazame, anzia katikati. Ukikuta kifundo, lipa uondoke, na tafadhali usinitumie picha.