Pete kwenye Kinu cha Maji

Mpiga fidla akitakiwa kuchomoa upanga, fidla ataiweka wapi? Swali linaonekana la mzaha, lakini mwaka 2023 watu wa ukumbi wa Watermill, karibu na mji wa Newbury huko Uingereza, walilazimika kulijibu kila usiku. Walikuwa wakionyesha The Lord of the Rings, yaani Bwana wa Pete, kile kitabu kinene cha J. R. R. Tolkien, kikiwa mchezo wa nyimbo. Ukumbi wenyewe ni kinu cha zamani cha kusagia nafaka kwa nguvu ya maji, na viti vyake ni kama 200 tu. Sherehe ya Bilbo, yule mzee inayoanza nayo hadithi, waliifanyia nje bustanini, kisha watazamaji wakaingia ndani.

Bendi ya pembeni haikuwapo. Waigizaji wenyewe ndio waliokuwa bendi.

Mtu asiyewahi kusimama jukwaani anaweza kudhani huko ni kubana matumizi. Hebu tuitazame kazi yenyewe. Mwenye filimbi hawezi kuimba huku anapuliza, kwa hiyo anayepanga muziki hana budi kujua nani ana pumzi wakati gani. Aliyeuawa vitani dakika moja iliyopita huenda ndiye anayesubiriwa kwenye chelo, basi maiti ajikokote gizani, ashike upinde wake, aanze bila kuhema. Karatasi za noti hazina pa kuwekwa. Yote yamo kichwani, pamoja na maneno, hatua na mapigo ya upanga. Na mtazamaji asiligundue hata moja.

Mchezo huu ulikuwa umeshapita njia nyingine. Ulianzia Toronto mwaka 2006, ukafanyiwa matengenezo, ukahamia London mwaka 2007 katika Theatre Royal Drury Lane. Huko sakafu ilizunguka, ikapanda na kushuka kwa lifti, na matawi ya msitu yakatambaa nje ya jukwaa kuwafuata watazamaji. Ulifungwa Julai 2008. Siidharau kazi ile, maana mafundi wake walikuwa hodari. Ila sakafu inapofanya maajabu, jicho humwacha Frodo, shujaa aliyebeba pete, likafuata sakafu.

Wapenzi wa kitabu wengi hawataki hata kusikia habari hii. Shujaa akianza kuimba, wanasema, hatari imekwisha. Kama kwamba Tolkien hakuwaimbisha! Hobiti wake, wale watu wafupi wa hadithi, huimba njiani, huimba baa, huimba hata wakioga. Nasi tuliolelewa na tenzi tuna sababu ndogo zaidi ya kushangaa: Fumo Liyongo alipofungwa, wimbo ndio uliomfikishia mama yake habari ya tupa ifichwe ndani ya mkate. Hapo ndipo kipimo kilipo. Wimbo ufanye kazi, au ukae kimya. Frodo na mwenzake Sam, hoi, Mordor, nchi ya adui, ikiwa karibu, wanaimbiana juu ya hadithi wanazozipenda, na wimbo huo unafanya kazi ya maji kwa msafiri. Huo ungebaki hata kama mchezo mzima ungekatwa nusu.

Na kukata, waandishi wa mchezo walikata. Falme za Rohan na Gondor ziliunganishwa zikawa nchi moja ya wanadamu. Msomaji ndani yangu alinuna. Seremala ndani yangu alikubali kwamba mbao ile ilikuwa ndefu kuliko chumba.

Lakini uamuzi ninaousifu kuliko yote ni wa muziki. Tangu Toronto alitafutwa A. R. Rahman, ambaye watu wa pwani wamemsikia miaka mingi kwenye filamu za Kihindi, akaunganishwa na Christopher Nightingale na kundi la Värttinä kutoka Finland. Kwa nini Finland? Tolkien alipokiunda Kikwenya, lugha ya Waelvu wa hadithi yake, alichota sauti zake kutoka Kifini. Kwa hiyo sauti za Värttinä, kali na zilizobanana, si pambo la kigeni lililobandikwa juu ya hadithi. Aliyewachagua alikisoma kitabu kwa sikio.

Toleo la kinuni, si lile la lifti, ndilo lililosafiri baadaye: Chicago mwaka 2024, na mwishoni mwa mwaka huohuo Auckland, katika nchi ileile ya New Zealand zilikopigwa filamu za hadithi hii.